Jina ya Munane

Niseme mapema, juu kuko batu mu Butembo benye banapenda kunisemea: wimbo ile ni mimi niliandika. Orpa aliimba tu maneno yenye nilimupa. Hénock alipiga guitare yake na kuangalia babinti, sawa vile anafanyaka siku zote. Mutu mwenye anatafuta wa kutukana, anitukane mimi, Lusenge, mupiga-ngoma wa orchestre Mabati. Nyumba yetu inajulikana na mulango iko wazi.

Mabati ni jina yenye jirani alitupatia. Tulikuwa tunafanya répétition mu nyumba ya mujomba ya Shalom, mupiga-bass wetu, chini ya mabati matupu bila plafond. Siku moja mama muzee wa upande ya pili alikuja kuuliza ni nani anatupa mawe juu ya nyumba za batu. Hénock alicheka mupaka machozi, na sisi tukakamata jina. Tunapiga rock, ile ya nguvu, guitare yenye inakwaruza na ngoma yenye inaingia mu tumbo. Na ni mu Butembo, muone, muji yenye kila njia iko na chorale tatu na kila chorale iko na synthé. Bamama ba paroisse balisema ni muziki ya shetani. Bijana balisema ni muziki ya bazungu benye meno inabauma. Producteur hatukukuwa naye, patron wa kutusimamia hatukukuwa naye, na hakuna radio hata moja yenye ilikubali kutupiga. Njo maana album yetu ya kwanza tuliiita Tuko Benyewe.

Tuliirekodi mu chumba moja karibu na uwanja ya ndege ya Rughenda. Tulisimamisha matelas ku ukuta, zile za bashangazi betu benye balibakia kulala ku mikeka wiki mbili na kutulaani. Moteur ya umeme ilikuwa inje, mu shimo yenye tulichimba ili sauti yake isiingie, mais iliingia tu. Ndege ikikuja tunaacha kupiga. Ku wimbo ya tatu ndege moja ilituponyoka, inasikika vizuri vile inashuka, na Hénock alikataa kuifuta. Alisema ndege iko mu sauti. Nyimbo munane, siku kumi na moja, bibiriti na mishumaa, na Orpa alipoteza sauti mara mbili. Nilikuwa na furaha sana siku zile. Sioni sababu ya kuificha.

Wimbo ya tano inaitwa Litani. Ilizaliwa siku ya maziko. Benye mapanga balikuwa baliingia kijiji moja upande ya Kalunguta, na batu saba balizikwa siku moja, chini ya mvua. Padri anasoma jina, batu banajibu: apumzike. Jina, jibu. Jina, jibu. Mimi ni mupiga-ngoma, hata nikiwa ninalia mikono yangu inahesabu. Nilirudi Butembo na majina saba ku karatasi mu mufuko, na hasira yenye sikujua nitaiweka wapi. Majina yenyewe sitayataja hapa, yalishatajwa ya kutosha.

Hénock alikuwa na mupigo moja ya guitare, nzito, yenye inazunguka mara munane, kisha inavunjika na ngoma yote inaanguka juu yake. Tukaweka jina moja ku kila muzunguko. Orpa anataja, sisi bengine tunajibu: apumzike. Mais majina ilikuwa saba. Muzunguko ya munane ilibakia wazi, na wimbo yote ilikuwa inachechemea. Tulijaribu kurudilia jina ya kwanza. Orpa akakataa, akasema mutu anazikwa mara moja. Tulijaribu kukata guitare ku saba. Hénock akakataa, yeye ni mutoto ya mwalimu wa Kikwit mwenye serikali ilituma huku, hakukuwa na mutu wake mu makaburi yale, kwake muziki ni muziki. Tulibishana siku mbili nzima. Siku ya tatu nikasema: tuweke Kahongya.

Kahongya ni bwana ya dada yangu mukubwa, yaya Berthe. Balimukamata mu shamba yake ya kakao, upande ileile ya Kalunguta, mwaka moja na miezi miwili mbele ya maziko ile. Bajirani babili benye balikuwa naye balikimbia. Balisema balimuona mikono imefungwa, gunia ya kakao yake mwenyewe juu ya kichwa, anapelekwa mu pori. Kisha pale, kimya. Hakuna simu, hakuna maiti, hakuna hata kiatu. Mu familia yetu yote yeye njo mutu wa pekee mwenye hakunichekaka. Fimbo zangu za kwanza za kupiga ngoma ni yeye alizichonga, ku muti ya kahawa, akanipatia bila kusema neno. Nilimupenda shemeji yangu kupita bandugu bengine benye sitabataja.

Sasa musikilize, juu ni hapa kosa yangu iko. Kwetu, mutu mwenye alipelekwa pori na maiti yake haikuonekana, hakuna mwenye anamuita marehemu mupaka familia yake ikae chini na kukubaliana. Mbele ya pale, hakuna kilio. Bibi yake ni bibi ya mutu mwenye yuko mu safari. Nyumba ni ya bwana yake, batoto ni bake, na hakuna ndugu mwenye anakuja kupima parcelle, kiwanja yake, kwa hatua za miguu. Mutu wa karibu akishamutaja tu kati ya bafu mbele ya batu, basi, mulango inafunguka, na kila mutu anaingia.

Yaya Berthe alijua ile vizuri. Alikuwa anakaa ku Beni, mu parcelle ya Kahongya, na batoto batatu. Kila siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi alikuwa anaenda kwa secrétaire wa paroisse kuandikisha intention ya misa: Kahongya, ili arudi. Haikukuwa ku ukurasa ya bafu. Ilikuwa ku ukurasa ya bagonjwa, basafiri na bafungwa. Mambo hii yote mimi niliijua. Mutu asikudanganye kwamba Lusenge hakujua. Nilijiambia ni wimbo tu, mu chumba ya matelas, nani ataisikia. Na mu roho yangu nilikuwa nimeshamuzika zamani. Nilifikiri ninamupa heshima, kumuweka pamoja na bale saba, asibakie peke yake. Orpa aliniuliza kama nimemuuliza dada yangu. Nikamujibu kwamba mambo ya familia yangu aniachie mimi.

Tukarekodi. Ku muzunguko ya munane Orpa akataja Kahongya, guitare ikavunjika pale pale palitakiwa, na wimbo ikasimama ku miguu yake. Sauti ya kwanza yenye inajibu apumzike, ya juu kupita zingine, ni yangu.

Concert ya kwanza tuliifanya mu salle ya masomo moja ya Butembo, siku ya posho, Jumamosi, saa munane ya muchana, juu couvre-feu ya usiku haitaki mambo ya kukawia. Batu sitini hivi balikuja, na nusu yabo balikuja kucheka. Orpa alivaa bottes za shamba na kikwembe ya mama yake. Ku nyimbo ine za kwanza kulikuwa batu benye baliziba masikio, na kijana mumoja aliita tuzime moteur. Kisha Litani. Ku jina ya kwanza bakanyamaza. Ku jina ya pili bakajibu. Ni bakatoliki, ukibapa jina na nafasi kidogo midomo yabo inajibu yenyewe. Ku jina ya tano salle yote ilikuwa imesimama. Ku Kahongya niliangusha mikono yote miwili, na nitasema kweli, nilisikia utamu mupaka ku mabega. Nilikuwa ninapiga jina ya bwana ya dada yangu na nilikuwa ninasikia utamu.

Kisha ile wimbo ikatutoroka. Bale benye banajazaka nyimbo ku simu ya batu, mu bibanda ya soko, baliikamata bila kutuuliza. Bamotari bakaiweka. Mwezi moja tu, na bamama benye banaleta samaki ya Kyavinyonge balikuwa banaiimba ku barabara, banajibu apumzike huku banapanga tilapia ku beseni. Batu benye hatukujua balitupigia simu, balilia mu simu. Radio zenye zilitukataa zikaomba interview. Tuliitwa Lubero, tuliitwa Kasindi, na bijana ba Beni balituomba concert kubwa. Hénock alinunua miwani nyeusi. Mimi nilitembea mu muji yangu kifua mbele, mujinga mukubwa.

Dada yangu hakunipigia. Nilijiambia labda haikumufikia. Kumbe ilimufikia kama bengine bote, aliisikia ku motari mwenye alimupeleka soko, na alishuka mbele ya kufika, akamaliza njia kwa miguu. Alininyamazia wiki tatu. Kisha ikafika siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi. Aliandikisha intention yake sawa vile siku zote. Secrétaire wa paroisse, mutu mumoja anaitwa Ananie, alikuwa na ile wimbo mu simu yake. Akaona Berthe amekosea ukurasa, masikini, labda juu ya huzuni. Akamusaidia. Akahamisha jina. Ku misa ya kwanza, mbele ya paroisse nzima, dada yangu alisikia bwana yake anasomwa kati ya marehemu. Alisimama, akakamata batoto mukono, akatoka.

Alinipigia asubuhi ileile. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo njo iliniogopesha.

"Lusenge, ulimuona?"

Nikamuuliza nani.

"Bwana yangu. Ulimuona amekufa?"

"Hapana, yaya."

"Mutu mwingine alikuambia alimuona?"

"Hapana."

"Sasa uliimba nini?"

Nilianza kumufasiria. Guitare, mizunguko munane, majina saba, pengo. Nilijisikia vile ninasema na nilitamani mutu anifunge mudomo. Aliniacha nimalize. Kisha akasema Vagheni alishaita familia, na akakata simu.

Vagheni ni kaka mukubwa ya Kahongya. Anauzisha mbao ku Beni, mutu wa kanisa, mutu mwenye hapandishaka sauti. Kesho yake nilipanda taxi nikaenda kwake nimejaa moto, nilijipanga kumuita mwizi mbele ya bibi yake. Alinipatia kiti. Aliniletea bundu na samaki, akangoja mupaka nikamaliza kula, juu kwake mutu hasemeshwi na njaa. Kisha akatoa simu yake, akaiweka ku meza kati yetu, akapiga Litani, kutoka mwanzo mupaka mwisho. Hatukuangaliana.

"Ile sauti ya kwanza yenye inajibu, ni ya nani?"

"Ni yangu, kaka."

"Weye ni ndugu ya bibi yake. Weye ukisema apumzike, mimi kaka yake nitakataa mupaka lini?"

Nilimuambia anataka parcelle. Hakukasirika. Alisema ndiyo, familia ilishakubaliana: kilio ya siku tatu, kisha parcelle itarudi kwa bandugu, batoto babili bakubwa batakuja kusomea kwake, kadogo katabakia na mama yake mupaka kakomale, na Berthe atarudi kwetu Butembo, nyumba ya baba yake. Alivisema hivyo moja moja, polepole. Kisha akaongeza kwamba ana miaka miwili karibu anatamani kulia ndugu yake, na hakuna mwenye alimupa ruhusa mupaka mimi. Na pale akalia, mbele yangu, mutu muzima na sahani ya samaki. Nilikuwa nimekuja kumuchukia, na nilimuchukia, mais si kwa moyo yote.

Nilipiga magoti. Nilimuomba angoje tena mwaka moja. Alifikiri sana. Alisema yeye anaweza kungoja, mais bajomba habawezi kusikia maneno ya mu nyumba juu ya jambo yenye ilitangazwa inje. Concert yetu ya Beni ilikuwa kisha wiki mbili. Familia yote itakuja, alisema.

"Ukamate micro mbele ya batu. Useme jina ile haikukuwa ya marehemu, uliiweka weye mwenyewe, bure. Ukisema ile, mimi nitasimama na bajomba na tutangoja. Usiposema, kilio inaanza siku ileile."

Nikaapa. Nikatoka pale nikaenda kwa yaya Berthe, mitaa tatu mbele. Alikuwa anaanika mihogo, na batoto bake bote batatu balikuwa banachezea mu kivuli ya nyumba. Hakuniruhusu kumushika mukono. Nilimufasiria mapatano yetu na Vagheni. Alisikiliza huku anageuza mihogo, kisha akasema atakuja, atasimama ku nguzo ya kwanza upande ya kushoto, pale ninaweza kumuona vizuri.

"Utasema kwa mudomo yako?"

"Nitasema, yaya."

Wiki mbili zile nilijifunza sentensi moja. Jina ya munane ni kosa yangu, Kahongya bwana ya Berthe hakuna mwenye anajua kama alikufa, tunangoja arudi. Niliisema mu kuoga, niliisema ku pikipiki, niliisema mbele ya Orpa, na yeye akasema ni vizuri hivyo, niiseme mbele ya wimbo, si kisha. Hénock akasema likambo te, hakuna shida, mais nisikawie sana, batu batapoa. Nilitamani kumupiga.

Salle ya Beni ilijaa kupita kipimo. Misa ya mwisho ilitoka, na batu balikuja moja kwa moja na nguo za misa, batu mia munane labda, bengine balikaa ku madirisha. Tulipofungua pazia njo nikaona mustari ya mbele. Bijana benye balitengeneza concert balikuwa baliita familia za bale saba. Hakuna mwenye alituambia. Balikaa ku biti ya plastiki, wima, kila familia na foto ya mutu wabo ku magoti. Mama muzee mumoja alifunga foto ya mutoto wake mu sachet ya plastiki juu vumbi isiiguse. Habakukuja ku concert, balikuja ku misa yabo ya pili. Ku nguzo ya kwanza ya kushoto yaya Berthe alikuwa amesimama, peke yake, sakoshi kifuani. Ku ukuta ya kuume, Vagheni na kofia yake, na bajomba batatu.

Tulipiga nyimbo ine. Tulipiga vizuri, siku ile, kupita siku zote. Kisha Orpa akageuka, akaja mupaka kwangu nyuma ya ngoma, akaninyoshea micro ya pili. Nikaikamata. Iliwaka, nilisikia pumzi yangu inatoka ku baffle.

Niliangalia mama ya sachet. Aliniinamishia kichwa kidogo, kwa heshima, vile mutu anasalimia padri. Na pale sentensi yangu ikabadilika mu mudomo. Nikisema jina ya munane niliiweka bure, ya kujaza pengo, sasa yule mama atasikia nini? Atasikia kwamba mutoto wake pia alikuwa wa kujaza. Atasikia tulihesabu bafu babo sawa matofali, na yenye ilipunguka tuliokota mahali. Hiyo njo nilijiambia, na ni sababu nzuri, inapendeza kuisema. Mais kuko ingine chini yake. Sikuogopa kupigwa. Niliona haya. Batu mia munane balikuwa bananiangalia kwa mapendo, mimi mwenye muji yote ilinichekaka, na nilitaka baendelee.

Nikarudisha micro ku mukono wake, hapana, hata hiyo sikufanya, niliiweka ku kiti pembeni yangu, ikiwaka. Nikamuambia Orpa polepole: ku munane unyamaze. Uache wazi. Orpa aliniangalia. Alisema ile haitoshi. Nikamuambia aende aimbe. Nilifikiri pengo itasema yenyewe, kwamba Vagheni atasikia tumemutoa, bajomba batasikia, dada yangu atasikia, na mama ya sachet hatasikia kitu. Nilijiona mwerevu.

Nikahesabu ine, na Hénock akaingia.

Jina ya kwanza. Apumzike. Familia ya kwanza ilinyanyua foto yabo juu. Jina ya pili, foto ya pili. Batu balijibu mupaka biti ilitetemeka. Ya tatu, ya ine, ya tano. Mama muzee alinyanyua sachet yake ku jina ya sita, mikono yake yote miwili. Ya saba. Apumzike. Kisha Orpa akafunga mudomo, akashusha micro yake. Hénock alishikilia guitare, Shalom aliacha bass. Mimi nilinyanyua fimbo zangu juu ya kichwa na nikaziacha pale, mu hewa, mu kimya yenye nilitengeneza.

Batu balifikiri tumebaachia bo baimbe. Ni vile baimbaji bote banafanyaka, bananyamaza ku neno yenye inajulikana na bananyoshea salle mukono. Na hii album balishaijua kwa moyo. Batu mia munane, bamama, batoto, bale ba ku madirisha, balitaja pamoja kwa sauti moja: Kahongya. Na bakajijibu benyewe: apumzike. Jina yoyote ya siku ile haikutajwa kwa nguvu sawa ile.

Na mikono yangu ikashuka. Sitadanganya, hakuna mwenye aliishika. Ilishuka yenyewe mahali ilizoea, guitare ikavunjika, na wimbo ikajaa.

Vagheni alitoa kofia. Aliweka mukono ku macho, na mujomba mumoja akamushika bega. Niligeuza macho kushoto. Yaya Berthe alikuwa ananiangalia, haikukuwa kwa hasira, alikuwa ananiangalia tu, vile mutu anaangalia gari yenye imeshapita. Kisha akainama. Akavua biatu yake, akaviweka pamoja ku muguu ya nguzo. Akafungua kitambaa ya kichwa, akaifunga ku kiuno. Akakaa chini ku ciment, miguu imenyooka mbele, vile banamuke betu banakaaka siku ya kwanza ya kilio. Mama mumoja karibu yake akauliza ana nini, mwingine akajibu ni bibi yake, ni bibi ya Kahongya. Yule mama akavua biatu na yeye, akakaa. Kisha mwingine. Kisha mustari yote. Mumoja akaanza kulia kwa sauti, na bengine bakamufuata, na sisi tulikuwa tungali tunapiga, juu wimbo ile iko na dakika moja na nusu kisha ya munane, na tuliipiga mupaka mwisho.

Niliruka kutoka ku jukwaa na micro mu mukono, kamba yake ilikatika njiani. Nilipita juu ya biti. Nilifika, nikachuchumaa mbele yake.

"Yaya, ninaweza kusema. Hata sasa, nitasimama niseme."

Alikuwa anapanga kikwembe yake vizuri juu ya magoti. Hakunyanyua sauti.

"Useme nini tena? Batu bote balishamuzika. Kaa chini, Lusenge, ni kilio ya shemeji yako."

Nilikaa. Ciment ilikuwa baridi. Bajomba balikuja kutoka upande ya ukuta na bakakaa na bo, Vagheni kati yabo. Kisha batu bakajipanga sawa vile inafanyikaka, bakaanza kupita mumoja mumoja, bakamushika dada yangu mukono, kisha mimi. Mama ya sachet alipita na yeye. Balituambia pole, na bengi baliongeza kwamba wimbo ilikuwa muzuri sana.